Mimi Sawagi, Sikuendesha

Tarehe tisa mwezi wa sita tulimzika Baba kule Molo. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na gari lililombeba likakwama kwenye matope hatua chache kutoka getini kwetu. Dereva wake akakanyaga mafuta kwa hasira. Magurudumu yakazunguka palepale, matope yakaturukia, na harufu ya mpira unaoungua ikajaa hewani. Wanaume wakaja kusukuma. Mimi nilisimama tu na leso mkononi, nikamsikia Baba kichwani mwangu: "Usikanyage. Gari halipendi kulazimishwa."

Harufu ile ndiyo iliyonifanya niandike. Hiyo, na sentensi moja iliyosomwa pale kaburini. Baba mdogo, ndugu yake wa kufuatana, ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu, na katikati yake akasema kwamba Baba alifanya kazi ya udereva Saudia "mpaka alipopata ajali iliyofanya arudishwe nyumbani." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Si ndiye alimgonga mtu huko?"

Nikanyamaza, maana mtu habishani mbele ya jeneza. Lakini kunyamaza kwangu kusichukuliwe kuwa nilikubali. Baba hakupata ajali. Baba hakumgonga mtu. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka tisa, na nitasema nilichokiona, hata pale ambapo hakinipendezi mimi mwenyewe. Masomo yangu yaliishia kidato cha pili, kwa hiyo anayetafuta maneno mazuri asiyatafute hapa.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila soko la kwetu lilikuwa na wakala wa kupeleka watu Arabuni. Baba alitangulia Riyadh kuwa dereva wa nyumba. Mwaka uliofuata Mama akamfuata katika nyumba hiyohiyo, kufanya kazi za ndani. Mimi nilibaki na nyanya yangu, na nyanya alipofariki hakukuwa na mtu wa kuniachia. Hapo ndipo Mzee alipoingia katika maisha yangu.

Mzee alikuwa baba yake bosi. Miguu yake ilikuwa imechoka na kumbukumbu zake zilikuja na kuondoka zilivyotaka. Alikuwa amemzoea Baba kiasi kwamba hakukubali kushikwa mkono na mtu mwingine akishuka ngazi. Aliposikia habari zangu alimwambia mwanawe anitafutie viza ya ziara. "Nyumba hii ya mtaa wa Malqa ina vyumba kumi na vitatu," alisema, "na hakuna hata kimoja anachochekea mtu." Basi nikaenda. Tuliishi chumba cha dereva kando ya geti, sisi watatu, na mlango wetu ulikuwa wa chuma na ulichoma vidole ukiushika mchana.

Pale nyumbani hakuna aliyemwita Baba kwa jina. Madam, mke wa bosi, akipiga simu ni "Sawagi, yalla," yaani haraka. Mlinzi wa jirani, "Sawagi, habari?" Muuza mkate, watoto wa bosi, hata fundi wa kiyoyozi, wote walisema sawagi. Neno hilo maana yake ni dereva, basi. Mimi nilidhani ni cheo. Kwetu kuna mchungaji, kuna chifu, kuna daktari, na watu hao huitwa kwa vyeo vyao kwa sababu ya heshima. Nikajiambia kwamba Baba ameenda ng'ambo akapandishwa, sasa ni Sawagi. Niliwaandikia barua wenzangu wa shule ya zamani nikiwaeleza hivyo. Namshukuru Mungu kwamba Mama hakuituma.

Kila siku baada ya swala ya alasiri, Mzee alitaka kutazama mashindano yake. Ilikuwa kanda ya video, moja tu, na deki ya zamani ambayo Baba peke yake ndiye aliyejua kuipiga kofi ikakubali. Mzee alikuwa amesomea Amerika miaka ya sabini, na siku moja marafiki zake wa chuo walimpeleka kuona magari yakishindana. Mapenzi yake hayakutoka tena huko. Baadaye alinunua kanda ya mashindano yaleyale aliyoyaona, na akawa anatuonyesha mahali kwenye umati alipokuwa amekaa. Mahali penyewe palibadilika kila siku.

Uwanja ulikuwa kama yai, mkubwa kuliko mji wetu. Kona zake mbili ziliinuliwa kama kuta, na magari yalipopita pale yalilala ubavu, arobaini kwa pamoja, yakigusana mabampa, wala hayakuanguka. "Kasi ndiyo inayoyashikilia," Mzee alimwambia Baba kwa Kiingereza, na Baba akanigeuzia kwa Kiswahili. "Ukipunguza pale juu, unateleza." Televisheni ilikuwa kuukuu lakini mngurumo ulitikisa vikombe vya kahawa kwenye sinia. Mzee alijipiga kifua: "Kule husikii kwa masikio. Unasikia hapa. Siku tatu nilikuwa natema mpira mweusi."

Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba yalikuwa na sura ya magari ya dukani. Gari ambalo mwalimu angelinunua, milango minne, boneti ndefu. Ndani limebadilishwa kila kitu, na milango haifunguki, dereva anaingilia dirishani. Na lilikata kushoto tu, saa tatu, saa nne, kushoto tu.

"Kama ni kushoto tu, basi hata mimi naweza," Baba alisema.

"Wewe? Huwezi," Mzee akamjibu. "Wewe ukipitwa hukasiriki."

Mimi nilikuwa na gari langu. Magari yalipogongana, bendera ya njano ilipeperushwa, na gari moja jeupe, safi, likaingia mbele ya yote likienda polepole. Yote yakajipanga nyuma yake na hakuna lililothubutu kulipita. Nilipiga makofi kila mara. Niliamini ndilo lililoshinda.

"Hilo halishindani, Ciku," Baba alinieleza. "Hilo kazi yake ni kuwatuliza mpaka barabara isafishwe."

"Lakini liko mbele."

"Liko mbele, ndiyo."

"Na wote wanaliogopa."

Akalitazama tena kwenye televisheni. "Haya. Limeshinda."

Mjukuu wa Mzee aliitwa Fahdi. Alikuwa na miaka kumi na saba, mcheshi, mkono wazi, na alinifundisha kucheza karata. Siwezi kumfanya shetani ili Baba awe malaika. Alipenda ule mchezo wa vijana wa kule, wa kulitelezesha gari barabarani mpaka linazunguka, na alikuwa na video zake kwenye simu. Mwendo wa Baba ulimchosha. Aliniuliza mnyama anayetembea polepole anaitwaje kwa lugha yetu, nikamwambia, na tangu siku hiyo akawa anagonga dirisha la gari: "Yalla, Kobe!" Baba alimjibu, "Ndiyo, bingwa," bila kuongeza hata kilomita moja.

Likizo ya shule ilipofika, familia ikaenda Jeddah, bosi akabaki Riyadh kazini, na sisi tukawafuata na gari lao kubwa: Baba, Mzee, Mama, Fahdi na mimi. Ni mwendo wa siku nzima jangwani. Hapa nitasema jambo ambalo Baba mdogo angelipenda: njiani, pakiwa tupu mbele na nyuma, Mzee alimwomba Baba akimbize, na Baba akakimbiza. Nilikuwa nasoma mshale. Ulifika mia moja na sitini. Mzee alipiga makofi na Mama akaanza kuomba kwa sauti. Kwa hiyo Baba hakuwa mtu asiyejua raha ya kasi. Aliijua, akaondoa mguu dakika chache baadaye, akasema, "Imetosha, Mzee."

Nyumba waliyokodi ilikuwa kaskazini ya Jeddah, karibu na bahari, na nyuma yake kulikuwa na mtaa ambao haujajengwa. Barabara za lami zilikuwepo, nguzo za taa zilikuwepo, hata vibao vya majina ya mitaa, lakini hakuna nyumba hata moja. Siku ya tatu, baada ya alasiri, Baba alitutoa Mzee na mimi kwa gari kwenda kupunga upepo, na Fahdi akaja. Mzee aliona barabara moja iliyozunguka uwanja mtupu, pana, na kona zake zimepinda taratibu. Akamsimamisha Baba. Macho yake yakawa ya mtoto.

"Ndipo hapa," akasema.

Fahdi akanyoosha mkono. "Kobe, funguo."

"Hapana, bingwa. Huna leseni."

"Mzunguko mmoja. Babu anataka."

"Babu anaweza kutaka mwezi pia."

Fahdi akacheka, kisha akampigia simu baba yake Riyadh, akaweka sauti ya nje. Tulimsikia bosi akiwa amechoka, na watu wakizungumza nyuma yake. "Sawagi, mpe. Mmoja tu, Mzee afurahi. Halas, imetosha."

Baba alitoa funguo kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo kosa lake, na mtu akitaka kumhukumu amhukumu kwa hilo. Alimfunga Mzee mkanda kwenye kiti cha abiria, akauvuta mara mbili kuhakikisha. Kisha akaja kunishika mkono, tukasimama kwenye ukingo wa barabara.

"Kushoto tu!" Mzee alipaza sauti dirishani.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa adabu. Wa pili, nilimwona Mzee ameinua mikono yote miwili. Baba akasema kwa kujisemea, "Bosi alisema mmoja." Wa tatu, kwenye kona ya mbali, nyuma ya gari ikaachia. Barabara ile haikuinuliwa kama ile ya kanda, ilikuwa tambarare tu, yenye mchanga, na hakukuwa na kitu cha kulishikilia. Likageuka, likapiga nguzo ya taa kwa ubavu, likaenda kusimama kwenye pikapu ya muuza matikiti maji, Myemeni mmoja aliyekuwa amejiegesha pale kwenye kivuli cha turubai lake.

Nilipofika mbio nyuma ya Baba niliona wekundu kila mahali, kwenye lami, kwenye vioo, kwenye kanzu ya Mzee, nikapiga mayowe kwamba wamekufa wote. Yalikuwa matikiti. Lakini mguu wa Myemeni ulikuwa chini ya mlango wa pikapu, na huo haukuwa tikiti.

Baba alifanya anachofanya dereva. Aliingiza mkono, akazima injini, akachomoa funguo ili moto usishike. Akamtoa Mzee, akamlaza. Akaenda kuinua mlango na kumfunga Myemeni mguu kwa kilemba chake. Fahdi alikuwa ameshatoka upande wa usukani, amevuka barabara, ameketi kwenye ukingo akitapika katikati ya magoti yake. Basi polisi wa barabarani walipofika waliona Mwarabu kijana mgonjwa kule, na Mkenya mwenye damu hapa, ameshika funguo.

Polisi mmoja akauliza kwa sauti, kwa kila mtu: "Wen sawagi?"

Sawagi yuko wapi. Mimi swali hilo nililijua. Katika nchi ile yote nilikuwa sijui chochote, sijui kusoma vibao, sijui kununua juisi, lakini hilo nililijua. Nikainua mkono kama darasani.

"Baba!" nikasema. "Baba sawagi!"

Nilisema kwa fahari. Nataka hilo lieleweke.

Polisi akamtazama Baba, akatazama funguo. Baba akasema, "Ana sawagi. Bas ma sugt." Mimi ni dereva, lakini sikuendesha. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni na cha geti, na hakikuwa na njia nyingine ya kulisema. Polisi akacheka. Dereva gani haendeshi? Wakamwinamia Mzee, wakamuuliza nani alikuwa kwenye usukani. Mzee alikuwa amevunjika mkono na alikuwa mbali sana na Jeddah, kule kwenye mashindano yake.

"Lile la buluu," akawaambia. "Lilikuwa mbele tangu mwanzo."

Wakamwekea Baba pingu. Fahdi aliinua uso mara moja, akatuangalia, akauinamisha tena.

Bosi alifika kwa ndege. Hakuwa mkatili, alitununulia chakula, akampeleka Mama na mimi kumwona Baba mahabusu, na akaja na karatasi. Tuliketi kwenye chumba chenye meza ya chuma. Karatasi ilisema kwamba sawagi ndiye aliyekuwa akiendesha. Chini palikuwa na nafasi ya dole gumba.

"Wiki mbili," bosi alisema. "Nitakulinda. Fahdi akifungwa leo, hana chuo, hana kazi ya serikali, maisha yake halas."

"Na yangu?" Baba akauliza.

"Wewe ni mtu mzima. Utarudi kazini kama kawaida."

Bosi akatoka nje kutupisha. Mama alisubiri mlango ufungwe.

"Weka dole, Baba Ciku."

"Sikuendesha."

"Najua hukuendesha! Nani hajui? Hata hii meza inajua. Weka dole twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Usinichezee. Nimesugua vyoo vya watu miaka miwili ili huyu mtoto asome. Unataka turudi Molo tukawaambie nini? Kwamba ulikuwa na maringo?"

"Yule mtu wa matikiti yuko hospitali," Baba alisema. "Siku moja wataenda kumwomba asamehe. Atamsamehe nani? Mtu ambaye hakumgusa?"

"Asamehe upepo! Mimi nina haja gani?"

Nikaanza kulia, nikawaambia kwamba ni mimi. Mimi ndiye niliyesema sawagi. Nilisema kwamba nikienda kwa polisi nikasema nilikosea, sawagi si Baba, watamwachilia. Baba alinyoosha mikono yake miwili juu ya meza, maana ilikuwa imefungwa pamoja, akanishika uso.

"Ulisema kweli, Ciku. Mimi ni sawagi. Usiende kusema uongo kuniokoa. Wao ndio hawajui kuuliza."

Mama aligeuka ukutani. Bosi aliporudi, Baba alikuwa amefunga vidole gumba ndani ya ngumi, kama mtoto anayeficha peremende.

Walimletea karatasi ile mara tano katika wiki nne. Ya pili waliiacha mbele yake usiku kucha. Ya tatu walimtisha kwamba mimi na Mama tutafungwa pia. Sikuwepo mara zote, lakini alitusimulia baadaye, na Baba hakuwa mtu wa kutia chumvi. Kila mara alisema maneno yaleyale, na mwishowe hata askari wa zamu walikuwa wakimsalimia nayo kwa mzaha: "Ana sawagi!" naye akajibu, "Bas ma sugt." Hospitali, Myemeni alipona mguu ukabaki mfupi kidogo. Familia mbili zikaelewana, ndugu zake wakaandika kwamba wamesamehe, na kwa kuwa hakukuwa na dole la mtu yeyote, faili likafungwa bila jina la aliyeendesha. Baba akatolewa. Siku hiyohiyo bosi akatukatia viza ya kutoka bila kurudi, sote watatu.

Haya ndiyo niliyotaka wasifu useme. Hakurudishwa kwa kugonga mtu. Alirudishwa kwa kukataa kusema kwamba aligonga. Aliishi miaka iliyobaki akipeleka maziwa na lori la ushirika, akiitwa na ndugu zake mwenyewe "Saudia" kwa kumcheka, na alipojaribu kueleza walimkata maneno wakisema, basi, yamepita. Hayajapita.

Siku ya kuondoka, bosi alikuja mwenyewe uwanja wa ndege wa Jeddah. Sisi tulikuwa na askari mmoja na mfuko mmoja. Bosi akakunjua karatasi kwenye mkono wa kiti, akatoa kidau cha wino. Alisema kwamba ya polisi yamekwisha, hii ni ya bima na ya shule ya Fahdi tu. Dole moja, na anafuta tiketi sasa hivi. Mama anarudi jikoni kwake leo, mtoto anatafutiwa shule, sawagi anarudi kwenye gari. Baba alitazama mbele. Alikuwa amekonda, shati lilimzunguka.

Bosi akamgeukia Mama, mtu ambaye kwa mwezi mzima alikuwa amemsikia akilia. "Mwambie," akasema. "Wewe una akili. Mwambie."

Mama alimwangalia bosi, akamwangalia Baba, akaniangalia mimi. Kisha akachukua kile kidau cha wino, akakifunga kifuniko chake, akamrudishia mkononi.

"Halas, bosi," akasema. "Mafi dole."

Hakuna dole. Bosi akatia kidau mfukoni, akakunja karatasi, akaenda zake bila kuaga. Askari akasema yalla, tukasimama.

Ndani ya ndege Baba alilala kabla mlango haujafungwa. Mama akainama akamvua viatu, navyo vilitoka upesi kwa sababu havikuwa na kamba; askari wa mahabusu walizichukua siku ya kwanza na hawakuzirudisha. Akavipanga chini ya kiti. Kisha akafunga mkanda wa Baba, akafunga wangu, akafunga wake.